Inchi Moja na Nusu

Maumivu ya juu ya tumbo, pale katikati chini ya kifua tunapopaita chembe cha moyo, yana majina mengi kuliko mwizi. Kiungulia, gesi, nyongo, vidonda vya tumbo, mtoto kupiga teke kwa ndani. Mimi nilikuwa nayajua yote na nilikuwa nayagawa bure kwa kila aliyeniuliza. Naandika haya kwa mama yeyote mwenye binti mjamzito anayekaa mbali naye. Siku binti akikupigia simu akasema anaumwa hapo, usimjibu kama nilivyomjibu mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia ya msingi, lakini futi ya kupimia nguo naisoma hata nikifumba jicho moja. Wateja wananiita Mama Futi kwa sababu haitoki shingoni. Naenda nayo sokoni, nimewahi kwenda nayo msibani. Nina chumba kimoja chenye pazia katikati. Cherehani yangu inakaa barazani, na mwisho wa baraza hiyo hiyo anakaa fundi viatu, mzee mwenzangu, tunamwita Soli. Soli ni mtu wa utani. Kwa miaka minane tuliyokaa baraza moja nilikuwa najua mambo mawili tu kumhusu: mkewe alifariki zamani, na chai ya sukari nyingi haipendi.

Mtoto wangu ni mmoja, wa kike. Nyumbani tunamwita Kifungo. Alipokuwa na miaka minne alimeza kifungo cha koti la mteja, kikubwa, cha matundu manne, akakaa nacho siku mbili bila kusema. Nilipomkuta amejikunja nyuma ya pazia nikamuuliza kwa nini hukuniambia, akasema, "Ulikuwa na kazi nyingi, mama." Kifungo kilitoka chenyewe. Nikakiosha, nikakishona kwenye koti, mwenye koti hajui mpaka leo. Jina likabaki, na tabia ikabaki pia. Mwanangu akiumwa hunyamaza kwanza.

Aliolewa mbali, mwendo wa saa sita kwa basi. Mumewe ni fundi wa minara ya simu. Kazi yake ni kusimamisha minara kule ambako mtandao haujafika, kwa hiyo akiwa kazini hapatikani mpaka mnara usimame. Nilikuwa namwambia Kifungo, "Mume wako anawapa watu wote simu isipokuwa mke wake." Mwanzoni alicheka. Baadaye akawa anasema tu, "Ndiyo mama."

Alipoondoka nilibaki na sanamu la kujaribishia nguo, lile lisilo na kichwa. Nazungumza nalo. Halijibu, ila halinipingi. Nilikuwa bado nachemsha chai ya vikombe viwili kwa mazoea, halafu cha pili nakirudisha kwenye birika. Simu naiweka juu ya cherehani karibu na gurudumu, ili niione ikiwaka hata kama mashine inapiga kelele. Siku zetu ni Jumapili na Jumatano.

Mimba ilipofika miezi sita nilikwenda kumwona. Anakaa ghorofani, chumba cha juu kabisa, ngazi arobaini na moja, nilizihesabu kwa magoti yangu. Nikampima kwa ajili ya gauni la siku atakayotoka hospitali na mtoto. Gauni la vifungo mbele anyonyeshe bila shida, mikono mirefu inayobana kwenye kifundo. Nikaandika kwenye daftari: shingo 13, mkono juu 11½, kifundo cha mkono 6. Nilikaa siku tatu. Ya nne akaniambia, "Mama, una wateja, rudi tu. Ukija mwezi wa kujifungua inatosha." Nilikuwa nasubiri aseme baki. Leo nadhani na yeye alikuwa anasubiri mimi niseme nabaki. Tukasindikizana hadi kituoni tukizungumzia bei ya zipu.

Mimba ilipoingia mwezi wa nane, Jumapili moja, akapiga.

"Mama, hivi kiungulia kinakuwaje?"

"Kinakuwaje tena? Kinachoma."

"Hiki hakichomi sana. Kinakaba. Kama mtu kaniwekea kiwiko hapa chini ya kifua."

"Umekula nini?"

"Mkate na chai."

"Ukalala hapo hapo."

"Nilijinyoosha kidogo tu."

"Ndicho hicho! Mimba yako mimi nililala nimekaa miezi mitatu, kama mtu anayesubiri basi. Huyo mtoto ana nywele. Wewe ulinichoma kifua kizima ukaja na nywele kama kofia."

Akacheka kidogo. Akaniambia pia kwamba siku hizi anavaa kandambili za mumewe kwa sababu zake zinambana. Nikamwambia raha ya ndoa hiyo, kuvaliana viatu. Nikamshauri anywe maziwa baridi na aweke mito miwili. Nikakata simu nimefurahi, maana nilikuwa nimeulizwa kitu nikakijua. Mama aliyebaki peke yake anapenda sana kuulizwa.

Jumatano maumivu yalikuwa yamehama kidogo, yakaenda upande wa kulia, chini ya mbavu. Na asubuhi alikuwa ametapika. Nikamwambia nisubiri nikuulizie. Nikaanzia kwa Soli.

"Gesi hiyo," akasema na misumari yake mdomoni. "Mwambie atoe hewa kama tairi, asione haya."

"Wewe kila kitu kwako tairi."

"Soli nyingi nazikata kwenye tairi, utanilaumu?"

Nikaenda kwa dada wa duka la dawa. Yeye akasema inaweza kuwa vidonda vya tumbo, inaweza kuwa mawe kwenye nyongo, na kwa mjamzito asikisie mtu, akapimwe. Hayo ndiyo maneno yake, nayakumbuka sasa. Siku ile nilisikia vidonda vya tumbo, nikashukuru, nikaondoka. Hilo la kupimwa nililiacha pale kaunta.

Nikampigia. "Ni vidonda vya tumbo au kiungulia kimezidi. Nunua vidonge vile vya kutafuna, vyeupe."

"Kesho nina kliniki, mama," akasema.

"Na hali hiyo ya kutapika utashuka ngazi zote hizo ukakae kwenye foleni?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Pumzika. Kliniki haihami. Utakwenda wiki ijayo."

"Eti eeh?"

"Mimi si mama yako?"

"Sawa mama."

Mara ngapi nimerudia mazungumzo haya kichwani sijui. Hakuwa ananiomba ruhusa ya kubaki nyumbani. Alikuwa anataka nimwambie nenda. Mtu wa kunyamaza ukimfungulia mlango nusu, haingii.

Kabla ya kukata nilimwambia atafute mtu ampime kiuno upya, maana nilitaka kuanza gauni. Kiuno tu. Ijumaa mchana ikaingia meseji kutoka namba nisiyoijua:

"Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani wa hapa chini kwa bintiyo. Simu yake imeisha chaji kaniomba nikutumie vipimo. Kiuno 43. Shingo 14½. Mkono juu 13. Kifundo cha mkono 7½. Nimerudia mara mbili."

Nilicheka mpaka nikashika cherehani. Nikamsomea Soli kwa sauti. "Kifundo inchi saba na nusu! Huyu kampima mwanangu au kapima mguu wa meza?"

"Labda kampima na shati," Soli akasema bila kuinua kichwa.

"Na bado anaandika amerudia mara mbili. Amekosea mara mbili!"

Sasa nisikilize hapa, hasa kama na wewe ni fundi. Kiuno hubadilika, nyonga hubadilika, mtu akila vizuri mwezi mmoja unafumua upya. Lakini kifundo cha mkono ni mfupa na ngozi. Mtu mzima akishakuwa nacho ndicho hicho hicho mpaka uzee. Nalijua hilo kuliko ninavyojua sala. Kifundo kikiongezeka inchi moja na nusu kwa miezi miwili, kuna jambo. Lakini mimi nilikuwa nimeshashika kiburi cha kazi. Fundi akiona kipimo kisichoingia akilini, hasemi mwili umebadilika. Anasema fundi mwenzangu hajui kushika futi. Nikachukua kiuno kipya, vingine nikaviacha vile vile vya zamani, nikalala nimeridhika.

Jumamosi saa tatu asubuhi simu ikawaka. Haikuwa siku yetu. Nikapokea.

"Mama." Sauti nzito, kama mtu aliyetoka kulia au kulala.

"Vipi, kinauma bado?"

"Kinauma. Na kichwa tangu jana. Na naona kama vinyota vinyota mbele ya macho."

"Hujalala wewe."

"Nimelala."

"Basi umelala vibaya. Upweke huo mwanangu, unakaa unajisikiliza tu mwili. Mume wako akirudi utaona utakavyopona."

Nilimsikia anapumua. Halafu akasema, "Haya mama. Fanya kazi."

Hayo maneno, fanya kazi, ni yale yale ya kifungo cha koti. Nilipaswa kuyajua. Ila nilikuwa nimetandika kitambaa mezani na chaki mkononi.

Nikaanza kuchora mkono wa gauni. Kifundo sita. Nikiwa nachora nikaanza tena kumsema yule fundi, kwa sauti, maana kumsema mtu kunaburudisha ukiwa na wasiwasi. Nikasema kama ningemfuata yeye huu mkono ungekuwa gunia. Nikasema na shingo je, inchi moja na nusu juu, mwanangu amekuwa ng'ombe? Nyundo ya Soli ikanyamaza.

"Imezidi ngapi umesema?"

"Moja na nusu. Shingo na kifundo, vyote."

"Kwa muda gani?"

"Miezi miwili. Lakini si kwamba imezidi, Soli, ni huyo fundi…"

"Viatu vyake vinamwingia?"

Nikakumbuka kandambili. Nikamwambia. Soli akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga kwenye kiganja.

"Mke wangu nilimpanulia viatu mara tatu mwezi mmoja," akasema. "Naingiza kalibu ya mbao, nalowesha ngozi, naacha kutwa. Mara ya tatu nikamtania, nikamwambia mama, utamaliza ngozi dukani. Na uso wake ulikuwa umejaa, nikasema kanenepa, kanipendezea. Akawa anashika hapa." Akajigusa chini ya mbavu, kulia. "Na kichwa. Tukampa soda ishushe gesi."

"Ikawaje?"

"Mimba ilikuwa ya miezi minane na siku." Akatazama misumari. "Piga simu, Mama Futi. Piga sasa."

Nilipiga. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga ya pili, ya tatu. Na hapo ndipo nilipojua jinsi nilivyo mbali. Mwanangu ameishi kule miaka mitatu na mimi sina namba ya jirani yake hata mmoja. Nina namba yake, nina namba ya mumewe isiyopatikana. Basi. Nikatazama simu kama mtu anayetazama kisima kilichokauka. Soli akasema, "Yule fundi unayemtukana. Si alikutumia meseji?"

Nikampigia.

"Haloo. Mimi mama wa dada wa juu."

"Ah, shikamoo mama! Vipimo umevipata?"

"Nimevipata. Baba, vile vipimo ni vya kweli?"

"Mama, mimi futi nimeshika miaka kumi na tisa."

"Sikutukani, baba yangu. Naomba uniambie tu. Kifundo ni saba na nusu?"

"Saba na nusu. Na mimi nilishangaa, ndiyo maana nikarudia. Futi ilikuwa inamwachia alama, kama umebonyeza unga uliokandwa. Nikamwambia dada, hebu nenda hospitali, akasema mama ameshaniambia ni kiungulia."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Panda ngazi," nikamwambia. "Nakuomba, panda sasa hivi. Usikate simu."

Akaitia simu mfukoni. Nikasikia mkasi ukiwekwa mezani, nikasikia kiti. Halafu ngazi. Nilikuwa nazihesabu naye, viatu vyake vina visigino vigumu, kila ngazi inalia. Kumi. Ishirini. Alipumzika kwenye thelathini na mbili, nikataka kumpigia kelele. Arobaini na moja. Akagonga.

"Dada! Dada wa juu, ni mimi fundi!"

Akagonga tena.

"Dada, mama yako yuko kwenye simu!"

Kikaanguka kitu ndani, kama sufuria. Nikamsikia anasukuma mlango, mara moja, mara mbili, komeo likachomoka. Halafu sauti yake ikatoka mbali na simu, si sauti ya mtu wa meseji tena. "Jamani njooni! Njooni juu, anakakamaa!"

Simu ikakatika. Salio langu lilikuwa limeisha.

Soli alikusanya kitambaa changu, mkasi, chaki, akaingiza cherehani ndani, akafunga mlango akanipa ufunguo. "Nenda," akasema. "Mimi niko hapa." Nilipofika mwisho wa mtaa nikageuka, nikaona amekaa mbele ya mlango wangu badala ya kwake.

Safari siwezi kuieleza. Nilikuwa nimekaa dirishani na sikuona kitu. Baada ya saa moja hivi ikaingia meseji: "Tumefika hospitali. Anapumua. Wamemwingiza ndani." Neno anapumua nilitembea nalo saa tano. Kila nilipokaribia kuwaza jingine nililisoma tena. Jirani yangu kwenye kiti alinipa karanga, nikazishika mkononi mpaka nikashuka nazo.

Nilifika saa kumi jioni. Kwenye benchi la korido alikuwa amekaa mwanaume mwembamba, futi shingoni. Nikamjua kwa hiyo futi. Na yeye akanijua kwa yangu. Akanipisha nafasi. Tukakaa wawili na futi zetu kama watu waliotumwa kupima jengo, hakuna aliyejua aanzie wapi. Nikamwambia, "Unapima vizuri sana, baba." Akasema, "Asante mama," akatazama viatu vyake.

Nesi akatoka. Mwanamke wa makamo, sare yake imeshonwa vibaya begani, hata siku ile jicho langu liliona. Akaniambia binti yangu amepata degedege mara mbili, moja nyumbani, moja mlangoni. Presha ilikuwa juu mno, mkojo una protini. Wamemchoma sindano za kuzuia degedege, wamemfanyia upasuaji, wamemtoa mtoto. Mtoto wa kike, mdogo, yuko kwenye chumba cha joto. Mama yake hajaamka sawasawa.

"Aliumwa hapa," nikamwambia nesi, nikajigusa. "Nilijua ni tumbo."

Akanieleza, na hili nakuandikia kama alivyolisema. Pale juu ya tumbo hapana kitu kimoja. Kuna tumbo lenyewe la chakula, na hapo ndipo kiungulia na vidonda. Kuna nyongo na mawe yake. Nyuma kabisa kuna kongosho. Kulia, chini ya mbavu, kuna ini. Na jirani wa juu ni moyo, kuna watu wanaumwa moyo wanasema ni gesi. "Hata mimi siwezi kujua kwa kuambiwa kwenye simu, mama. Lakini mjamzito aliyepita miezi mitano akiumwa hapo, kwetu kiungulia ni cha mwisho kukifikiria. Tunapima presha kwanza. Ini lake linakuwa linavimba. Na ukiongeza kichwa, na vinyota, na uso na mikono kujaa, hapo hakuna kungoja hata saa moja. Inaitwa kifafa cha mimba. Inapimika mapema kabisa, kwa kile kitambaa cha presha cha kufunga mkononi tu."

Halafu akafungua kadi ya kliniki. "Alhamisi hakuja. Tungeiona Alhamisi. Alipopata fahamu kidogo nilimuuliza, akasema alisahau."

Alisahau. Amekatwa tumbo, ulimi ameung'ata, macho hayafunguki vizuri, na bado akapata nguvu ya kunificha. Miaka ishirini na sita imepita na mwanangu bado amemeza kifungo cha mtu mwingine.

Korido ilikuwa tupu. Hakuna aliyenijua pale isipokuwa mwanaume niliyemcheka jana. Ningeweza kunyamaza, kadi ikafungwa, ikabaki hivyo.

"Hakusahau," nikasema. "Nilimwambia mimi asije."

Nesi akanitazama. Nilisubiri anigombeze, nilitaka anigombeze. Akaandika kitu kwenye kadi, akasema, "Basi mwambie na mama mwingine," akaingia ndani.

Nilimwona mwanangu kesho yake asubuhi. Uso ulikuwa si wake, umejaa kama wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Alifungua jicho.

"Mama. Wateja wako?"

"Wana nguo nyingi. Nyamaza."

"Umemwona mtoto?"

Nilikuwa nimemwona, kwa kioo. Kiumbe cha kukaa kwenye viganja viwili, soksi ya mkononi imemfika begani. "Nimemwona. Hana nywele hata moja," nikamwambia. "Kichwa kama goti."

Akataka kucheka, mshono ukamkataza. Akashika mkono wangu. Nilimzungushia kidole gumba na cha kati kwenye kifundo chake, havikufikiana.

Walikaa hospitali wiki tatu. Mumewe alikuja siku ya tano, mnara umesimama, akazikuta taarifa zote zimemngojea kwenye simu kwa pamoja. Alikaa chini kwenye korido na kofia yake ya kazi. Sikumlaumu, ningeanzia wapi? Baadaye aliomba ahamishiwe kazi za karibu. Mama mzazi wa mume akaja kukaa nao, chumba ni kile kile kimoja, hapakuwa na pa kulala mama wa pili. Nikarudi kwangu.

Fundi wa chini alinitumia vipimo mwezi uliofuata. Shingo 13. Mkono juu 11. Kifundo 6. Nimerudia mara mbili. Safari hii niliamini kila namba. Gauni nililimaliza, nikalivalisha sanamu siku mbili nilitazame, halafu nikalituma kwa basi. Siku ya kutoka hospitali ilikuwa imeshapita, alitoka na dera la kuazima. Lakini alinipigia akasema limemkaa.

Soli hatujazungumza tena habari za viatu. Nilijaribu mara moja kumwambia asante, akasema buti la mteja lina harufu kuliko maneno yangu. Kikombe cha pili sikirudishi tena kwenye birika, nakipeleka mwisho wa baraza, sukari kidogo. Anakunywa anatazama barabara. Nadhani alikuwa na jambo hilo kifuani miaka yote minane, na mimi nikikaa hatua sita kutoka kwake nikimuuliza habari za gesi.

Wateja wajawazito wananiona nimeharibika. Juzi mmoja kaja kwa ajili ya sketi. Nimempima kiuno, nimempima nyonga, nikamwambia nipe mkono.

"Mama Futi, sketi tangu lini ikawa na mikono?"

"We nipe mkono."

Kifundo naandika, na tarehe. Akija kuchukua nguo napima tena. Kikizidi simwambii ni nini, sijui ni nini, nimekoma kujua. Namwambia aende siku ile ile, na namsindikiza mpaka njiani nimwone amekwenda.

Na wewe mwenye binti mbali, chukua namba ya jirani yake leo. Ya mtu wa chini, ya muuza duka, yeyote mwenye miguu ya kupanda ngazi. Usingoje kumhitaji.

Kifungo bado anapiga Jumapili na Jumatano. Mtoto ana miezi saba, ameota nywele mbili tatu. Jumatano iliyopita aliniambia mtoto alikuwa na homa na tumbo.

Nikasimamisha cherehani. "Homa tangu lini? Anaharisha? Anashika wapi akilia?"

"Ah, imeshapita, mama. Ilikuwa juzi. Nilimpeleka hapo hapo, nesi akampima, akanipa dawa."

"Juzi?"

"Ndiyo. Nilitaka kwanza nijue ni nini ndiyo nikuambie."

Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, yote mazuri, ya kumpoza mtoto tumbo, niliyoyapata kwa mama yangu. Hakuna aliyekuwa ameyauliza.

"Umefanya vizuri," nikamwambia. "Umefanya vizuri sana, mwanangu."

"Haya mama. Fanya kazi."

Nikaiweka simu mahali pake karibu na gurudumu. Nilikaa kidogo nikiitazama, mpaka mwanga wake ukazimika, ndipo nikakanyaga pedali.